Asipande Tena Kreni

Saa moja kasoro robo asubuhi, lango la wafanyakazi wa bandari huwa halina adabu. Waliomaliza zamu wanataka kutoka wote kwa pamoja, wanaoanza zamu wanataka kuingia wote kwa pamoja, na katikati yao kuna mlango mmoja tu wa vyuma unaozunguka, mtu mmoja kwa kadi moja. Asubuhi hiyo kofia ngumu zilikuwa zikigongana na mlinzi alikuwa amekaukiwa sauti kwa kusema, "Kadi mkononi, kadi mkononi." Hapo ndipo dereva wa kreni namba nne alipomkanyaga muuguzi mpya wa zahanati, akampiga kikumbo kwa bega la kushoto, akaendelea na safari yake kana kwamba amepita kwenye hewa.

"Kaka," muuguzi alimwita. "Samahani haiuzwi. Hutolewa bure."

Dereva alisimama. Aligeuza kichwa, kisha mwili mzima, ndipo akamwona: mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, gauni jeupe lililonyooshwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe, sweta ya bluu mabegani, saa ndogo imebanwa kifuani kichwa chini miguu juu. Kiatu chake cheupe kilikuwa na alama nzima ya soli ya buti.

"Ni mimi niliyefanya hivyo?"

"Kuna buti jingine hapa lenye grisi ya namna hiyo?"

"Kweli tena, sikukuona."

"Mtu mzima na nguo nyeupe pe, hukuniona. Basi mimi ni moshi."

Dereva alicheka. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mrefu, ovaroli yake ya rangi ya chungwa imepauka magotini, na alipocheka meno yake ya mbele yaliachana kidogo kwa namna iliyomfanya aonekane mdogo. "Moshi haulalamiki," alisema. "Wewe ni wa zahanati?"

"Nimeanza leo. Na wewe ukija na ugonjwa wowote, nimeshachagua sindano yako."

"Basi nitakuja saa nne. Nahisi kichwa kinaanza."

Saa nne kamili alikuwa kwenye benchi la zahanati, kofia mapajani. Kichwa hakikuwa kinauma. Kesho yake alikuja na mgongo, keshokutwa na kiungulia. Siku ya tano muuguzi alimwambia kwamba mtu mwenye magonjwa mengi kiasi hicho angekuwa amekwisha kuzikwa, na kwamba kama anataka namba ya simu, aiombe kama watu wengine.

Wenzake gatini walimwita Mwewe. Kutoka kwenye kibanda cha kioo mita arobaini juu, aliweza kushusha kontena la tani thelathini juu ya lori kwa ulaini mpaka dereva wa lori akapiga honi kuuliza kama tayari. Alikuwa na miaka kumi na minne kwenye kibanda kile. Alikuwa hajaoa. Aliwahi kukaribia, mara mbili, na mara zote mbili alisema mama yake kipofu hawezi kuachwa, jambo ambalo lilikuwa kweli na pia lilikuwa kisingizio. Muuguzi, ambaye bandari nzima ilimwita Sista, alikuwa ameachwa na mchumba wiki tatu kabla ya harusi, akahamia kwa dada yake mshonaji, vyumba viwili na cherehani mbili. Alikuwa ameapa kutocheka tena na mwanamume yeyote. Kiapo kilidumu mpaka aliposimama kwenye lango lile.

Walizungumza kwa simu kila Mwewe aliposhuka kula.

"Daktari wangu, umekula?"

"Mimi si daktari. Nimekula. Wewe je?"

"Siwezi kula nikiwa na kiungulia."

"Kiungulia kimepona Alhamisi, niliandika kwenye faili."

"Basi nina ugonjwa mwingine. Jina lake nakuambia Jumapili."

Jumapili alimpeleka nyumbani. Mama yake alimpokea mlangoni, akampapasa mikono, mabega, kisha uso, bila haraka, kama mtu anayechagua kitambaa. "Umekonda," alisema. "Lakini umetulia. Ingia, mwanangu. Kuna ngazi moja, halafu hatua nne mpaka kwenye kiti." Alikwenda mbele yake bila kugusa ukuta. Alikuwa anaijua nyumba ile kwa nyayo.

Walipokuwa wakinywa chai, Mwewe alinyoosha mkono kuchukua sukari na kukiangusha kikombe kilichokuwa kando ya kiwiko chake. Mama yake hakushtuka. Alisema tu, "Hicho ni cha tatu mwezi huu."

Sista alimtazama mama. "Macho yako, mama, yalianzaje?"

"Presha ya macho, waliniambia hospitali, nilipofika nimechelewa. Hayaumi. Hiyo ndiyo hila yake. Yalianza pembeni, kama mtu anayevuta mapazia pole pole huku wewe unaangalia dirisha la katikati na kusema mbona naona vizuri. Ilinichukua miaka kumi."

Sista aliweka kikombe chini. Alikumbuka bega la langoni. Walipotoka alimwambia Mwewe kwamba ugonjwa ule hutembea katika damu, aende akapimwe. Mwewe alimshika kiuno na kumwonyesha bango la duka upande wa pili wa barabara, akalisoma lote mpaka maandishi madogo ya chini. "Sasa niambie kama haya ni macho ya mgonjwa," alisema. Sista alisema hapo amepima kuona mbele tu, si pembeni. Mwewe akambusu ili anyamaze, na Sista, kwa kuwa alikuwa na furaha baada ya muda mrefu, akanyamaza.

Mwaka ule biashara ilikuwa inakufa mchana kweupe. Viwanda vya mbali vilikuwa vimepunguza kazi, wenye maduka walikuwa hawaagizi kitu, na meli zilizokuwa zikija kumi na moja kwa wiki zilikuja sita, kisha nne, kisha mbili. Kreni tatu kati ya tano zilisimama zimeinua mikono juu kama watu waliokamatwa. Makontena matupu yalipangwa saba kwenda juu, kutu ikaanza kushuka pembeni mwao kwa michirizi. Chumba cha chai, ambacho zamani mtu alikula amesimama, kilikuwa na viti vya kuchagua. Wanaume walizungumza kwa sauti ndogo, kama walio kwenye nyumba ya mgonjwa. Kila mmoja alijua kwamba orodha inaandikwa mahali fulani, na kila mmoja alifanya kazi kama anayetazamwa.

Katika majuma hayo Mwewe alimpigia Sista saa isiyo ya chakula. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Nimekaribia kumuua Kamusi."

Kamusi alikuwa mfungaji wa makontena, yule anayepanda juu ya meli kufungua vyuma vinavyoshikilia mzigo. Alikuwa rafiki wa Mwewe tangu ujana na pia katibu wa chama cha wafanyakazi, na jina hilo alilipata kwa kupenda maneno makubwa.

"Amefanya nini?" Sista aliuliza.

"Hakufanya kitu. Alikuwa amesimama pale anaposimama siku zote, kushoto kwangu. Nikavuta kontena. Kama asingelala kifudifudi, lingemfagia. Kofia yake imeanguka baharini."

"Hukumwona?"

"Jua lilikuwa usoni."

"Saa ngapi hiyo?"

"Saa saba."

Saa saba jua liko utosini, na wote wawili walilijua hilo.

"Mpenzi wangu," Sista alisema taratibu, "omba ruhusa kesho. Twende kwa daktari wa macho, mimi na wewe."

"Kesho? Mtu anaomba ruhusa ya ugonjwa wiki hii? Si bora nikajiandike mwenyewe kwenye orodha." Akakata.

Siku tisa baadaye tangazo lilibandikwa: wafanyakazi wote wa gatini na mitamboni watapimwa afya kwenye zahanati ndani ya wiki mbili. Sista alielezwa na mkuu wa utumishi kwamba ni kwa ajili ya usalama, hasa baada ya lile tukio la kofia. Sista aliamini. Aliamini kwa sababu alitaka mtu fulani apimwe.

Mwewe aliingia Jumanne, wa mwisho kabla ya chakula. Alikuwa amenyoa. Alisoma ubao wa herufi kwa jicho moja moja mpaka mstari wa mwisho, haraka, huku akitabasamu. Presha ya damu nzuri, masikio mazuri.

"Kaa hapa mbele yangu," Sista alisema. Magoti yao yalikaribia kugusana. "Funika jicho la kulia. Niangalie puani, usiangalie pengine. Nitaleta kidole kutoka pembeni. Ukikiona, sema."

"Pua yenyewe nzuri."

"Usicheze."

Alinyoosha mkono mpaka mwisho, akaanza kuuleta polepole, kidole kikitikisika. Kilipita usawa wa bega, kikapita usawa wa sikio, kikafika karibu na shavu la Mwewe, naye bado alikuwa anatazama pua na kungoja.

"Bado hujaanza?" aliuliza.

Alileta kidole mpaka Mwewe aliposema, "Hapo." Ilikuwa karibu sana na katikati. Jicho la kulia lilikuwa na nafuu kidogo, si kubwa. Alirudia mara tatu, akitafuta kosa lake mwenyewe.

Mwewe alikuwa ameacha kutabasamu. "Andika vizuri," alisema.

"Nitaandika nilichokiona."

"Sista. Roho yangu. Nisikilize. Mwaka mmoja tu, mpaka hali itengemae. Nitakuwa nageuza kichwa. Nimeshaanza kuzoea kugeuza kichwa."

"Na Kamusi je? Naye azoee kulala kifudifudi?"

Mwewe alisimama, akavaa kofia, akatoka. Kwenye mlango bega lake la kushoto liligonga fremu.

Sista alikaa na karatasi ile mpaka chakula kikaisha. Aliandika sentensi nne. Mfanyakazi ana dalili za kupoteza uwezo wa kuona pembeni, macho yote mawili. Asipande tena kreni. Apelekwe haraka kwa daktari wa macho, kwa gharama ya kampuni. Anafaa kabisa kwa kazi za chini, na apewe. Aliisoma mara mbili, akaona amemwokoa kwa mkono mmoja baada ya kumpiga kwa mwingine. Akatia sahihi.

Barua zilitoka Ijumaa. Mwewe aliisoma ya kwake akiwa amesimama karibu na kabati lake la nguo. Ilisema kwa ufupi kwamba kwa mujibu wa ripoti ya muuguzi wa zahanati, imebainika hafai kwa kazi yoyote bandarini, na ajira yake imekoma siku hiyo hiyo. Alivua ovaroli, akaikunja, akaiacha juu ya benchi.

Simu ya Sista iliita alipokuwa akifunga zahanati.

"Nimesoma ulichoandika," Mwewe alisema.

"Nilijua utakasirika."

"Ulijua. Na mkono haukutetemeka."

"Ulitetemeka. Lakini ningeandika hivyo hivyo hata leo, hata kesho. Siku moja utanielewa."

"Hata kesho?"

"Hata kesho, mpenzi."

Sista alikuwa akizungumzia sentensi zake nne. Mwewe alikuwa akizungumzia maneno mawili, kazi yoyote. Miaka kumi na minne, na mwanamke aliyepapaswa mikono na mama yake amesema hafai hata kushika ufagio. "Basi sikujui," alisema, na tangu saa ile simu yake haikupokea tena namba ile.

Sista alipiga siku nne. Siku ya tano alikwenda nyumbani. Mama alimfungulia, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kijana hataki kutoka chumbani, na amemwagiza aseme hayupo. "Mimi siwezi kusema uongo kwa kitu ninachokisikia kinapumua," mama alisema. "Yupo. Lakini nenda tu, mwanangu. Akikutoa mwenyewe itakuwa vibaya zaidi."

Aliyefungua fundo alikuwa Kamusi. Alikuja zahanati na kidole kilichochanika, akakaa akifungwa bandeji bila neno hata moja kubwa, na hilo peke yake lilimtia Sista wasiwasi.

"Sema, shemeji," alimwambia.

"Usiniite shemeji. Nauliza kitu kimoja. Kumtoa juu, nakubali. Mimi ndiye niliyelala kifudifudi. Lakini kwa nini ulimnyima hata kazi ya chini?"

"Nani alimnyima?"

Kamusi alitoa barua mfukoni, ya mtu mwingine, kuli mwenye ngiri. Maneno yalikuwa yale yale. Walikuwa kumi na wanane wenye barua za namna hiyo, alisema, wote kwa mujibu wa ripoti ya muuguzi. Akamweleza jambo ambalo kila mtu bandarini alilijua isipokuwa yeye: anayepunguzwa kwa sababu ya biashara analipwa kiinua mgongo, anayetolewa kwa ugonjwa anaondoka na barua tu.

Sista alifungua kabati. Daftari lake la ripoti lilikuwa la kaboni; nakala ya kila karatasi ilibaki. Aliweka sentensi zake nne mbele ya Kamusi, akaona anavyozisoma huku midomo ikitembea. Halafu akachukua daftari, akapanda ngazi kwenda kwa mkuu wa utumishi.

Mkuu wa utumishi alikuwa mtu mzima mwenye tai iliyolegea na faili mpaka kwenye kiti cha wageni. Hakubisha. "Meli mbili kwa wiki, Sista," alisema. "Makao makuu wamesema nipunguze, halafu wamesema hakuna cha kulipa. Ungekuwa kwenye kiti hiki ungefanyaje?"

"Nisingeandika jina la mtu mwingine."

"Sikuandika jina lako. Niliandika cheo chako." Alisugua macho. "Nenda kafanye kazi. Zahanati yenyewe sijui itafika mwisho wa mwezi."

Alishuka ngazi, daftari kwapani. Kwa siku nzima alijiambia kwamba ana dada na kodi, na kwamba daftari ni mali ya kampuni. Jioni dada yake alizima cherehani, akamtazama. "Unafikiria kama ni haki, au unafikiria kama atakurudia?" alimwuliza.

"Hatarudi. Nafikiria wale kumi na saba wengine wanaonilaani na hata siwajui vizuri."

"Basi umeshamaliza kufikiria," dada alisema, akawasha cherehani.

Asubuhi Sista alimpa Kamusi daftari. Siku mbili baadaye kadi yake ilikataa langoni. Mlinzi alimwangalia kwa aibu, akamletea viatu vyake vyeupe kwenye mfuko wa plastiki.

Shauri lilisikilizwa kwenye ofisi ya kazi, chumba chenye feni moja na mabenchi yasiyotosha. Afisa mwanamke mwenye miwani ya kamba alisoma barua kumi na nane, moja baada ya nyingine, na baada ya kila barua alisoma nakala ya kaboni ya mtu huyo huyo. Hakuongeza neno. Kuli mwenye ngiri: apasuliwe, apumzike miezi miwili, arudi. Fundi mwenye kifua: ahamishwe karakana yenye hewa. Dereva wa kreni namba nne: asipande tena kreni, apelekwe haraka kwa daktari wa macho, anafaa kabisa kwa kazi za chini, na apewe.

Mwewe alikuwa kwenye benchi la nyuma. Alikuwa amekuja kwa sababu Kamusi alimvuta kwa mkono. Aliposikia sentensi ya mwisho aliinama akaangalia sakafu, na hakuinua kichwa mpaka watu walipoanza kusimama.

Afisa aliamuru barua zote zifutwe na watu wahesabiwe kuwa wamepunguzwa kwa sababu ya biashara, walipwe haki zao. Palikuwa na minong'ono, pakawa na kikohozi. Hakuna aliyeshangilia. Kazi yenyewe haikurudi.

Nje kwenye ukumbi watu walijazana. Mwewe alisimama akimtafuta, akigeuza kichwa huku na huku juu ya mabega ya wenzake. Sista alikuwa amesimama kando yake, upande wa kushoto, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua. Kichwa cha Mwewe kiligeuka kuelekea mlangoni, kikarudi, kikampita. Sista alingoja ageuke tena. Mara ya kwanza alidhani anafanyiwa makusudi. Kisha akaelewa, na ule uuguzi wote aliosomea haukumsaidia chochote.

"Niko hapa," alisema. "Kushoto."

Mwewe aligeuka mwili mzima.

"Uko hapo tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunitafuta."

Alifunika uso kwa viganja vyote viwili, pale pale katikati ya watu. Sista alimshika kiwiko akamtoa nje, kwenye ukuta wenye kivuli.

"Kwa nini hukuniambia umeandika nini?"

"Ulisema umesoma. Kwa nini hukuuliza?"

"Nilitaka uwe wewe," Mwewe alisema. "Nikikasirikia kampuni, kampuni haina uso. Wewe una uso. Ilikuwa rahisi."

"Ilikuwa rahisi kwako."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Kwanza twende hospitali, kwa sababu tumeshapoteza wiki saba na hizo hazirudi."

Daktari wa macho alimpima kwa mashine, akawaonyesha picha mbili za duara. Sehemu nyeusi ndiyo iliyokwisha. Kushoto lilibaki tundu dogo, kama kuchungulia kwenye bomba. Kilichokufa hakifufuki, daktari alisema. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone, asubuhi na jioni, maisha yote, na hata hivyo hatoi ahadi, hasa kwa jicho la kushoto. Mwewe alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kama mama yake angekuja mapema angeona mpaka leo. Daktari alisema huenda.

Kampuni ya meli ya mwisho ilihamisha safari zake mwezi uliofuata. Bandari ya makontena ikafungwa kwa tangazo la karatasi moja. Wale ambao hawakuwa na barua yoyote waliungana na wale kumi na wanane, watu mia nane kasoro, na mkuu wa utumishi alitoka nao akiwa na sanduku la vitu vyake. Kreni ziliuzwa nje. Meli pana isiyo na kuta ilikuja kuzibeba, zote tano zikiwa zimesimama wima, na siku ilipoondoka watu walikwenda kutazama kutoka ukutani wakiwa na familia zao. Mwewe hakwenda. Kamusi alipata kazi ya ulinzi humo humo, watu watatu kulinda uwanja mtupu. Mwewe alipata siku tatu kwa wiki kwenye ghala la unga, kupima magunia kwenye mizani, mahali ambapo mtu huangalia mbele tu.

Sista aliomba kazi sehemu kumi na mbili. Iliyojibu ilikuwa hospitali ya mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi.

"Twende wote," alimwambia. "Kuna nyumba ya watumishi, vyumba viwili. Mama naye."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, hatua nne kutoka mlangoni. "Mimi hapa naona," alisema. "Nikitoka hapa nitakuwa kipofu mara ya pili. Nyie nendeni."

Wote watatu walijua kwamba Mwewe hataondoka, na safari hii hakikuwa kisingizio.

Usiku kabla hajasafiri Sista hakulala. Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya mgonjwa yeyote. Mwewe alimbebea begi mpaka kituoni, akiligonga kwenye watu upande wa kushoto na kuomba radhi.

"Nioe," alisema, halafu akajirekebisha. "Yaani nikuoe."

"Umeanza kuchanganyikiwa mapema. Sikatai. Lakini nisubiri nijipange kule, mwaka mmoja. Na siolewi na mtu anayesahau dawa."

"Utajuaje nimesahau?"

"Nitasikia."

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hajaingia wodini, alipiga. Mwewe aliweka simu kitandani, sauti ya juu, akalala chali na kichupa mkononi.

"La kulia."

"Nimetia."

"Muongo. Ukitia huwa unavuta pumzi."

Mwewe akatia, akavuta pumzi. Chumba cha pili mama alikuwa akicheka peke yake. Iliendelea hivyo mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Walisimuliana magunia na wagonjwa. Sista alikuja mara moja, akakaa siku mbili, akarudi.

Mwezi wa tano, siku ya Ijumaa, simu iliita kama kawaida.

"La kulia."

"Nimetia."

"Sawa, nimesikia. La kushoto."

Dari juu yake ilikuwa na ufa, na alikuwa anauona kwa jicho moja.

"La kushoto limezimika," alisema. "Tangu Jumanne. Nilifunika la kulia nikajaribu, hakuna kitu. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Kwenye simu palisikika magurudumu ya kitanda yakipita, mtu akiita jina la mtu.

"La kulia likoje?"

"Liko vile vile. Daktari kasema halijasogea."

"Mwambie mama nakuja Jumapili. Jumatatu asubuhi twende kwa msajili wa ndoa, mimi, wewe, mama na Kamusi. Jioni napanda basi."

"Ulisema mwaka."

"Nilisema. Sasa nasema Jumatatu."

"Usije kwa huruma, Sista. Hiyo siitaki."

"Huruma nawapa wagonjwa, na nalipwa. Dada anamalizia gauni, lina ua begani, alilianza mwezi wa pili bila kuniuliza. Nataka ulione. Nataka unione mimi nikiwa ndani yake, sio usimuliwe. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Basi tia la kushoto."

"La nini sasa?"

"Bila dawa presha itapanda, litauma. Tia."

Mwewe aliinua kichupa juu ya jicho ambalo halikuona mkono wake ukija. Tone lilianguka kwenye kope, likateremka shavuni. Akajaribu tena.

"Umetia?"

Alivuta pumzi. "Nimetia," alisema.